Wageni Wasioinuka

Mji ninaoujua vizuri kuliko mji wowote sijawahi kuutia mguu. Naweza kukuelekeza kutoka stesheni ya treni ya Bologna, huko Italia, mpaka kwenye kidirisha cha mbao kilichotobolewa katika ukuta wa kichochoro. Ukikifungua unakuta mfereji unapita nyuma ya nyumba za watu, maji yakigusa kuta, nguo zimeanikwa juu yake. Naweza kukwambia usimame wapi chini ya baraza moja ya zamani ili uione mishale mitatu iliyokwama darini, ambayo wenyeji wenyewe hupita chini yake bila kuinua kichwa. Yote hayo nimeyajulia Maskati, katika ofisi iliyo juu ya duka la miwani, Khuwair ya Kusini, kwenye kiti chenye gurudumu bovu ambalo sikuthubutu kuomba litengenezwe kwa sababu nilikuwa bado kwenye majaribio.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya jiografia, na nimekaa nyumbani Al Amerat muda wa kutosha hata jamaa wakaacha kuniuliza nafanya kazi wapi. Kuacha kuulizwa ni kubaya kuliko kuulizwa. Anayekuuliza bado ana tamaa nawe.

Ofisi hiyo ya safari ilikuwa ya mama mmoja aliyezaliwa hapa Maskati na wazazi waliotoka Unguja. Mbele ya wateja nilimwita ustadha, kama wote. Wateja wakitoka nilimwita khaloo, yaani dada wa mama, kwa kuwa alimjua mama yangu tangu utotoni, na kwetu mwanamke wa rika la mama haitwi kwa cheo peke yake. Riziki yake ilitoka kwenye tiketi za wafanyakazi wa viwanda vya Rusayl na safari za umra. Sasa alitaka kupeleka familia Ulaya, lakini si kule kunakokwenda kila mtu. Wazo hilo alilipata kwa mama yake mzazi, bibi mwenye maneno, ambaye watoto wake walitaka kumlipia safari ya Roma na Venisi, naye akakataa.

“Mie sendi kupiga picha pale ambapo Maskati nzima ishapiga,” aliwaambia. “Wote wana picha ile ile, wamesimama vile vile, utadhani ni mtu mmoja kabadilisha buibui.”

Basi khaloo akaniita mezani kwake. Alitaka mji mmoja wa kale, na ndani yake mambo ambayo ofisi nyingine hazina: vilivyojificha, visivyo kwenye kadi za posta. Kundi la kwanza lingekuwa mama yake, dada zake wanne, na mkamwana mmoja, mke wa kaka yake khaloo, ambaye angeshika simu na kusema Kiingereza. Kiongozi wa kulipwa bibi hakumtaka. Alisema hataki kufuata mwavuli wa mtu.

“Utawaongoza wewe kwa simu, kutoka hapa,” khaloo aliniambia. “Na nikwambie ukweli, mwanangu. Mama akirudi amefurahi, nakuandikia mkataba. Akirudi amenuna, mie sina la kufanya. Nakaa naye nyumba moja.”

Alisema kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye kiti changu kibovu na kuanza kufikiria jinsi bibi wa watu anavyonuna.

Lazima niseme kwamba mimi ni mtu ambaye simu ya nyumbani ikilia, kabla sijaipokea nimeshazika watu wawili. Kwa hiyo kila nilichokipata Bologna kilikuja na hofu yake. Kile kidirisha cha mfereji: je, kama wakifika wakikuta kimefungwa, wakasimama mbele ya mbao kama watu wanaobisha hodi kwenye kabati? Zile baraza zilizofunika njia kwa mwendo mrefu: je, kama sakafu yake inateleza, na bibi ana goti? Vyoo: nilisoma maoni ya wasafiri mpaka nikajua vyoo vya mkahawa gani vina maji na vipi havina, kisha nikanunua chupa ndogo za maji, kila mmoja yake, nikazifunga ndani ya mfuko bila kuandika ni za nini. Sala: nilitafuta pembe za bustani zenye utulivu na kibla chake. Nilitembea mji ule kwenye kioo cha kompyuta, njia kwa njia, katika zile picha zilizopigwa na gari lenye kamera, mpaka nikaanza kuwatambua watu waliokwama ndani yake. Kulikuwa na mwanamke mwenye mfuko wa mboga ambaye kila asubuhi nilimkuta bado hajavuka.

Ndivyo nilivyoupata ua. Katika picha moja lango la nyumba kuukuu lilikuwa wazi, na ndani yake ilionekana bustani ndefu ajabu, nguzo baada ya nguzo, mwisho wake kilima na miti myembamba. Nikasogea hatua moja. Picha iliyofuata, lango limefungwa. Nilikaa nalitazama lango lile. Kwenye ramani, nyuma ya nyumba ile hapakuwa na bustani yoyote, palikuwa na nyumba nyingine. Nilipochunguza zaidi nikaelewa kwamba ile bustani yote ni rangi. Watu wa zamani wa mji ule walikuwa na desturi hiyo: mwenye ua mdogo alichoresha ukuta wa nyuma ili apitaye njiani adhani tajiri huyu ana shamba.

Niliandika barua pepe huku na huku, na mwishowe akanijibu mwenye nyumba mwenyewe, mzee aliyekuwa mwalimu wa hesabu, anaishi pale peke yake. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole na safi. Alisema ua wake haumo katika matembezi ya watalii, lakini mabibi wanaotoka mbali vile wanakaribishwa Alhamisi mchana, wabonyeze kengele, atawachemshia kahawa.

Mtu mwingine angeshukuru akaishia hapo. Mimi nilimwandikia waraka. Nilimweleza kwamba mabibi hawashikani mikono na wanaume, asione wana kiburi. Kwamba keki isiwe na pombe ndani yake wala mafuta ya nguruwe. Kwamba asiwapige picha. Kwamba kwetu mgeni haharakishwi, na kumwonyesha mgeni dalili yoyote ya kumtaka aondoke ni aibu inayokaa miaka. Khaloo alisoma juu ya bega langu.

“Umemwandikia kama anapokea jeshi,” alisema. “Masikini ya Mungu, hata kupiga chafya ataogopa.”

Waliondoka. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, au labda zilikwenda vizuri. Sikuwa na njia ya kujua kwa hakika, na hilo ndilo lililonimaliza. Mkamwana alinitumia sauti ya bibi akiwa mbele ya kile kidirisha cha mfereji. Alikuwa anahema kidogo, na nyuma yake maji yanasikika. “Ni falaj tu hii,” alisema. “Mwambie huyo mtoto. Falaj ilofichwa.”

Ni falaj tu. Nilirudia kuisikiliza njia nzima ya kurudi Al Amerat, gari ikipanda mlima na kushuka. Kwetu Omani falaj ni mfereji wa kumwagilia mitende, kila kijiji kina wake. Je, alimaanisha kwamba nimempeleka Ulaya kumwonyesha alichokiacha nyumbani? Au alifurahi kukuta kitu anachokijua? Neno “tu” lile lilikuwa na uzito gani? Nilimpa mama yangu asikilize.

“Hii sauti ya mtu aliyeshiba,” mama alisema, akarudi kwenye viazi vyake.

“Aliyeshiba kwa maana ya kuridhika, au aliyeshiba kwa maana ya kuchoka?”

“Mwanangu, mie namenya viazi.”

Siku iliyofuata walikwenda kwenye matao ya jengo moja la kale la serikali, ambapo watu wawili wakisimama kwenye pembe mbili za mbali, kila mmoja kauelekea ukuta wake, mmoja akinong'ona mwingine anamsikia sikioni. Bibi alimweka dada yake pembe moja, yeye akaenda nyingine. Mkamwana aliniambia dada mtu aliruka kwa mshtuko. Nikauliza bibi alinong'ona nini.

“Alimwambia, ‘Unakoroma.’ Maana wamelala chumba kimoja, na tangu tufike bibi anatafuta namna ya kulisema.”

Nilicheka, kisha nikafikiria: basi bibi halali vizuri. Na asiyelala hununa.

Ikafika Alhamisi. Siku ile ilikuwa na mambo mawili. Mchana, ua wangu. Jioni, jambo alilolipanga khaloo mwenyewe, zawadi yake kwa mama yake: mwanamke mmoja hodari wa kule, anayefundisha wageni nyumbani kwake kusukuma unga kwa mkono, ule unga wa tambi wanaoutandaza mpana na mwembamba kama shela. Khaloo alilitafuta darasa hilo kwa muda mrefu na alilizungumza kwa watu. Mimi nilipanga nafasi ya kutosha katikati, kisha nikaiongeza, kisha nikaogopa kwamba nafasi ikizidi watachoka, nikaipunguza, nikairudisha.

Khaloo alikwenda Rusayl kukusanya pasi za wafanyakazi wa kiwanda kimoja wanaokwenda likizo. Nikabaki peke yangu ofisini na simu mbili mezani, yangu na ya ofisi. Picha zilikuja: lango, mzee mwembamba aliyevaa sweta juu ya tai, mabibi wameketi kwenye viti visivyofanana, na nyuma yao ile bustani isiyokuwapo. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani. Nilijiruhusu kula sambusa moja.

Kisha hazikuja picha tena. Niliswali magharibi, nikarudi, simu kimya. Nilihesabu akilini: kwa wakati huu wangekuwa wametoka, wako njiani. Nikamwandikia mkamwana, “Mmeshafika kwa mwalimu wa unga?” Jibu lilikuja kwa sauti, la kunong'ona.

“Habibti, hivi huku watu wanaagana vipi? Bado tuko uani. Nimekaa mpaka nimeyajua majani yaliyochorwa moja moja. Mama hainuki. Na mama asipoinuka, nani atainuka?”

Sijamaliza kuisikiliza, ukaingia ujumbe wa mzee kwenye simu ya ofisi. “Mabibi wako ni watu wema sana. Je, kuna kitu wanakingoja? Nisingependa kukosea. Kahawa inakaribia kuniishia.”

Basi akili yangu ikafanya inavyofanya. Bibi ameumwa na anaficha. Bibi goti limekataa na anaona haya kusema. Bibi amechukia na amekaa ili kuonyesha amechukia. Wako watu wanaonuna kwa kukaa. Au mzee ndiye aliyechukia, na hicho Kiingereza chake cha upole ni hasira ya mwalimu wa hesabu. Nilimpigia khaloo. Simu iliita ikakatika. Nilishukuru haikupokelewa, kisha nikajiona mwoga, kisha nikapiga tena nikiomba isipokelewe.

Nikampigia mkamwana. “Muulize mama anangoja nini.”

“Nimuulize mie? Mkwe wangu? Muulize weye.” Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono, na dada mmoja akisema, “Nani huyo?” na mwingine, “Yule mtoto wa ofisini, anayeogopa.”

“Eeh, mwanangu,” ilikuja sauti ya bibi.

“Shikamoo, bibi. Samahani sana. Mko salama?”

“Marahaba. Tuko salama, alhamdulillahi. Bwana huyu mkarimu. Lakini hajafukiza.”

“Hajafukiza nini, bibi?”

“Hajafukiza nini! Weye mtoto wa nani? Nimekuja nyumbani kwa mtu, siwezi kuja mikono mitupu. Nimempa ubani wangu, nimempa chetezo, nimempa na makaa yake. Kashukuru, kaweka mezani. Basi nangoja. Mgeni huinuka moshi ukishapita. Ntainuka vipi kabla, kama mtu alofukuzwa?”

Nilishika kichwa. Kila mtoto wa Maskati anajua: mwenye nyumba huleta chetezo mwisho, mgeni hujifukiza nguo, na udi ukishapita hakuna kukaa tena. Bibi alikuwa amempa mtu mlango wa kutokea, na yule mtu kaukalisha mezani kama pambo.

“Na kahawa, bibi?”

“Kahawa yake chungu kama shubiri. Natikisa kikombe mpaka mkono unauma, na kila nikitikisa ananitilia!”

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwetu, ukitosheka na kahawa unakitikisa kikombe kidogo mkononi, na mtiaji anajua basi. Yule mzee aliona mgeni anamtikisia kikombe kitupu na, akiwa mtu mwenye adabu, akakijaza. Tena ile kahawa yao nzito. Na bibi alikuwa na presha. Nilijua, maana mimi ndiye niliyehakikisha dawa zake ziko kwenye mkoba wa mkononi. Nilijiona nimesimama mbele ya khaloo nikimweleza kwamba mama yake amefia ugenini kwa ajili ya adabu, katika bustani ya rangi.

“Bibi, usinywe tena. Kiweke tu mezani.”

“Nikiweke kina kahawa? Si nitamtukana?”

Ilibidi nimwambie mzee. Nilianza kumwandikia: mpendwa bwana, katika desturi zetu. Nikafuta. Nitamwambiaje mtu, ndani ya nyumba yake, atoe wageni? Na kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimemwandikia kwamba kumtoa mgeni ni aibu inayokaa miaka. Niliandika tena. Nikakumbuka ukuta: rangi ile ina umri mkubwa, na mimi nataka awashe moto na moshi mbele yake. Nikakumbuka majirani wa ghorofani. Nikakumbuka zimamoto. Nikafuta. Simu ya mkamwana ikaleta sauti fupi: “Kamtilia tena.”

Nikampigia mzee.

“Bwana, ule ubani aliokupa bibi.”

“Ndiyo, zawadi nzuri sana. Nitauweka kabatini, karibu na picha ya mke wangu.”

“Tafadhali uwashe.”

“Sasa?”

“Sasa. Washa kipande cha makaa, weka chembe chache juu yake, kisha upitishe kwa kila mmoja wao, ukianza na mkubwa.”

“Halafu?”

“Halafu wataondoka.”

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye kisahani. “Unaniambia niwafukuze kwa moshi,” alisema polepole, “kama nyuki?”

“Hapana. Kwetu ndivyo mwenye nyumba anavyosema amefurahi wamekuja.”

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo kabla ya kulisema, na nilipolisema niliogopa kuwa nimelibuni. Lakini mzee aliiweka simu mezani bila kuikata, nami nikabaki nasikiliza ua wa Bologna nikiwa juu ya duka la miwani. Kibiriti kiliwashwa, kikazima. Kikawashwa tena. Mtu akakohoa.

“Mwacheni, atajiunguza!”

“Sogeza hilo buibui lako, weye!”

“Siyo mwingi, bwana!” Hii ilikuwa sauti ya bibi, kwa Kiswahili kitupu, ikipanda. “Siyo mwingi! Loo! Kamwaga mkebe mzima.”

Kikohozi kikaenea kwa watu wote. Mahali fulani juu dirisha lilifunguliwa na mwanamke akapiga kelele ya Kitaliano, ndefu, yenye maswali ndani yake. Kisha nikasikia viti vikikwaruza mawe, vyote kwa mpigo mmoja, na shukrani zikitolewa kwa lugha tatu, na nyayo, na lango zito likijifunga.

Mzee aliichukua simu. “Wameondoka,” alisema. “Wote mara moja. Sikuwahi kuona. Nimewaudhi?”

“Hapana, bwana, hapana. Umefanya vizuri sana. Ukuta uko salama?”

“Sijui,” alisema. “Siuoni.”

Darasa la unga lilikuwa limekwisha. Mwalimu wa unga alikuwa ameshampigia khaloo, naye khaloo akamuuliza mkamwana, kisha akapanda ngazi za ofisi na mfuko wa pasi begani, bila hata kuutua.

“Nimeambiwa mama yangu kakaa kwenye ua wa mwanamume asiyemjua, mchana kutwa, kama yuko matangani. Kweli?”

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi kwenye vikombe, nikiruka kwenye nyuki. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mkebe wa ubani mdomo wake ulicheza kidogo, lakini sikuweza kujua ulicheza kwa upande gani.

“Mama alilitaka lile darasa,” alisema mwishowe. “Au mie ndiye nililitaka. Basi. Tungoje arudi.”

Siku zilizobaki za safari yao ndizo zilizokuwa ndefu. Mkamwana alituma picha chache, na zote za chakula cha asubuhi. Hakuna sauti ya bibi hata moja. Niliuliza, “Bibi hajambo?” nikajibiwa, “Hajambo,” neno moja, bila hata nukta. Nilianza kutazama tena matangazo ya kazi. Nilianza hata kuondoa vitu vyangu kwenye droo ya ofisi, kidogokidogo, ili siku ya kufukuzwa nisionekane nimebeba mzigo. Asubuhi moja nilifika nikakuta khaloo amenitengenezea lile gurudumu la kiti, na badala ya kufurahi niliona hiyo ndiyo dalili: anakitayarisha kwa mwingine.

Walirudi. Asubuhi ya pili nikasikia mtu anapanda ngazi polepole, akipumzika kila kituo. Bibi aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji. Khaloo alisimama. Mimi nilisimama pia, kisha nikaona nimesimama kama mshtakiwa, nikakaa, kisha nikaona si adabu kukaa, nikasimama.

“Kaa, mwanangu, wanitia kizunguzungu,” bibi alisema. Akamgeukia bintiye. “Ile hoteli mito yake mawe. Dada yangu anakoroma, wallahi, sikujua. Na ile kahawa, usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Nimekodoa macho mpaka alfajiri.”

“Pole, mama. Na lile darasa la unga ndo likakupita.”

“Unga gani? Maisha yangu yote nakanda unga, leo nikakandishwe na Mtaliana? Bora nilikaa.”

Bibi akaniangalia mimi.

“Lakini weye. Kwa nini hukunambia kama ile bustani imechorwa?”

Sauti yangu ilikuwa ndogo. “Nilitaka iwe siri, bibi. Mfike muione wenyewe.”

“Nilikwenda kutafuta pa kutawadhia. Nikaona, ah, kule mbele kuna miti, lazima pana maji. Nakwenda, nakwenda, mzee wa watu ananiita nyuma, nami najua anataka kunipa keki. Pua hii!” Aliigusa. “Nimeigonga ukutani.”

Nilimtazama pua. Nilitafuta alama. Khaloo alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

“Tumecheka,” bibi alisema, “mpaka huyu mdogo wangu kashindwa kusimama. Yule mzee naye kacheka mpaka kavua miwani. Ndo maana nikakaa sana. Mtu umecheka vile nyumbani kwa mtu, utaondoka kabla ya kufukizwa?” Akanywa maji yake yote. “Anabaki huyu?”

“Wasemaje weye, mama?”

“Nani kasema aondoke? Lakini simu sitaki tena. Sauti ya kuogopa inatoka ndani ya mkoba, siku nzima, kama mtoto mgonjwa. Dada zangu wa upande wa baba washaanza kuuliza safari. Aende nao. Asimame pale mlangoni, awaambie: hapa kaa, hapa inuka, huo ukuta.”

Khaloo aliondoa mtandio mdomoni. “Umesikia,” aliniambia. “Mkataba upo. Lakini kundi la pili unapanda nalo ndege. Ukikubali nakuandikia leo.”

Sikumbuki kupanda ndege isipokuwa ile niliyoambiwa, nikiwa mtoto wa mgongoni. Nilitaka kuomba siku mbili za kufikiri, na nilijua siku mbili zile zingenifanya nini. Nikasema ndiyo. Ilitoka kavu, kama kikohozi, mpaka khaloo akaniuliza nimesema nini, ikabidi niiseme tena.

Nilirudi Al Amerat nikishuka mlima mguu ukiwa kwenye breki. Mama alikuwa jikoni.

“Nimepata,” nilisema.

Alipiga kigelegele palepale, mwiko mkononi, na jirani akajibu ng'ambo ya ukuta bila kujua ni cha nini.

“Lakini, mama.”

“Lakini gani?”

Nikamwambia hofu zote. Ndege, na juu ya ndege mawingu, na chini yake bahari. Mabibi wapya nisiowajua magoti yao. Yule mzee, kama atakuwa mzima, kama atatukubali tena, kama jirani wake wa juu atamshtaki. Kama nitafika kwenye ule mji nikaona si ule, kwamba nimeujua mwingine kabisa. Mama alizima jiko, akavuta kiti, akasikiliza mpaka mwisho.

“Huko baridi yake ikoje?” aliuliza. “Maana koti huna.”

Hilo nilikuwa nalijua. Nikamweleza mwezi kwa mwezi.